Atolla
Atolla (Atolla wyvillei) ni yavuyavu wa bahari kuu anayetoa mwanga wake mwenyewe. Alielezwa na Mjerumani Ernst Haeckel mwaka 1880, na hupatikana katika bahari nyingi duniani, kwenye vina ambavyo nuru ya jua ni hafifu au haifiki kabisa. Rangi yake ni nyekundu iliyokolea. Kwa kuwa nuru nyekundu haifiki huko chini, huonekana mweusi. Mnyiri mmoja ni mrefu kupita mingine yote.

Anaposhambuliwa, mimweko ya buluu hukimbia kuzunguka mwavuli wake. Wanasayansi wengi huichukulia kuwa king'ora: humwita mnyama mkubwa zaidi aje amle mshambuliaji. Edith Widder wa Marekani aliiga mimweko hiyo kwa chambo cha taa, pamoja na kamera ya mwanga mwekundu isiyowatisha wanyama, na mwaka 2012 ngisi mkubwa (Architeuthis) akanaswa kwenye video karibu na visiwa vya Ogasawara, Japani.

Uchimbaji wa madini chini ya bahari huweza kutifua tope. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2023 yalionyesha kuwa tope kama hilo humfanya Periphylla, jamaa wa Atolla, atoe ute mwingi na kutumia nishati zaidi.