Hitilafu za Nyaya na Dharura za Moshi katika Ndege za Abiria

Hitilafu ya nyaya, katika elimu ya usafiri wa anga, ni kasoro yoyote inayoupata mfumo wa umeme wa ndege, kama vile kuchubuka kwa ganda la waya, kulegea kwa kiungo, kubanwa au kuliwa na kutu, ambayo huweza kuzaa shoti, cheche, moshi na hatimaye moto. Na dharura ya moshi ni hali inayomlazimu rubani kuiacha safari aliyoikusudia na kutafuta kiwanja kilicho karibu, kwa sababu ya harufu ya kuungua au moshi uliodhihiri ndani ya chombo. Mambo haya mawili hayafuatani daima, kwani moshi huweza pia kutoka katika shehena, injini, jiko au simu ya abiria, na kasoro nyingi za nyaya hugunduliwa na mafundi kabla hazijaleta madhara. Lakini yanapokutana huwa ni miongoni mwa hatari kubwa kabisa za angani, maana muda wa kuyakabili huhesabiwa kwa dakika, wala rubani hana namna ya kuuongeza.

Nyaya na maradhi yake

Ndege ya aina ya Boeing 747-400 ina waya zenye urefu wa takriban kilomita 270, zilizofungwa mafungu mafungu na kupitishwa nyuma ya dari, chini ya sakafu na ndani ya mbawa, mahali ambapo jicho la fundi halifiki illa kwa kufungua mabamba. Katika ndege nyingi umeme unaopita katika waya hizo ni wa volti 115 na una mizunguko 400 kwa sekunde, ilhali ule wa majumbani kwetu ni wa volti 230 na mizunguko 50.

Waya hudhurika kwa sababu zilizo ndogo kuzitazama: mtikisiko wa miaka mingi unaousuguanisha waya na chuma, unyevu unaodondoka kutoka darini, vumbi na nyuzi za nguo zinazojikusanya juu ya mafungu, chembe za chuma zilizoachwa na keekee ya fundi, au mguu wa mtu aliyekanyaga fungu alipokuwa akitengeneza kitu kingine kabisa. Ganda la poliimidi, aina ya plastiki, lililopendwa na watengenezaji kwa wepesi wake na kustahimili joto, lilidhihirika kuwa na aibu moja kubwa: likipasuka na kupigwa na cheche hugeuka mkaa, na mkaa hupitisha umeme, hivyo cheche huenda zikitambaa juu ya waya na kuziambukiza waya jirani.

Breka za kawaida za umeme hazikutosha kuizuia hatari hiyo, kwa kuwa ziliundwa zikate umeme uliozidi kiasi kwa muda wa kuzitia joto, ilhali cheche hupiga na kunyamaza katika sehemu ya sekunde, na breka ikabaki mahali pake kana kwamba hakuna lililotokea. Kwa ajili hiyo marubani huonywa wasiirudishe ovyo breka iliyokwisha kujikata, kwani kuirudisha huenda kukawa ni kuupelekea moto chakula chake.

Moshi na madhara yake

Wakazi wa Chiungutwa, kusini mwa Tanzania, na wa nchi yote ya Masasi na Newala inayoishi kwa korosho, wanajua jinsi maganda ya korosho yanapochomwa moshi wake unavyowasha macho na kumkaba koo mtu aliyesimama mbali na moto wenyewe. Ndivyo ulivyo moshi wa ndege, isipokuwa huu umefungiwa ndani. Sponji za viti, mazulia na plastiki zinapoungua hutoa hewa ya kaboni monoksidi, inayoipokonya damu uwezo wa kuchukua oksijeni, pamoja na hewa ya sianidi, inayomlegeza mtu akashindwa kutembea hata kama mlango uko hatua chache mbele yake. Huko Manchester, Uingereza, tarehe 22 Agosti 1985, ndege ya British Airtours ilishika moto wa injini ikiwa bado ardhini. Watu 55 walifariki, na wengi wao waliuawa na moshi kabla ya miali ya moto kuwafikia.

Marubani wana barakoa ambazo sheria hutaka ziweze kuvaliwa kwa mkono mmoja ndani ya sekunde 5, na ambazo huwapa oksijeni tupu. Barakoa zinazowashukia abiria kutoka darini hazikuwekwa kwa ajili ya moshi. Kazi yake ni kumsaidia mtu hewa inapopungua katika miinuko, nazo huchanganya oksijeni na hewa ya ndani ya ndege, ambayo wakati huo ndiyo yenye sumu.

Ajali zilizofundisha dunia

Tarehe 19 Agosti 1980 ndege ya shirika la Saudia, safari namba 163, iliondoka Riyadh kwenda Jeddah, na punde kidogo ving'ora vikaonya kuwa kuna moshi katika chumba cha shehena cha nyuma. Dakika kadhaa zilipita katika kuthibitisha kama onyo ni la kweli. Ndege ilirudi Riyadh ikatua salama, lakini haikusimamishwa mara moja, injini ziliendelea kuzunguka, na milango haikufunguliwa kwa wakati; watu wote 301 waliokuwamo walikufa ndani ya chombo kilichokwisha kufika ardhini. Chanzo cha moto ule hakikuthibitika, bali funzo lake lilithibitika: kutua ni nusu ya wokovu, na nusu ya pili ni kuwatoa watu.

Usiku wa tarehe 28 Novemba 1987 ilikuwa zamu ya Bahari ya Hindi, pale ndege ya South African Airways iliyoitwa Helderberg, iliyokuwa ikitoka Taipei kwenda Mauritius, ilipopatwa na moto katika shehena iliyopakiwa nyuma ya abiria. Rubani aliwaarifu waongozaji wa Mauritius kuhusu moshi huo na kupotea kwa sehemu kubwa ya umeme wake; kisha ndege ikaanguka baharini pamoja na watu 159.

Ajali iliyobadilisha kabisa fikra za mabingwa mintarafu ya nyaya ni ile ya Swissair, safari namba 111, iliyotokea tarehe 2 Septemba 1998 karibu na Peggy's Cove, pwani ya Kanada, ikawaangamiza watu wote 229. Ndege hiyo ya aina ya MD-11 ilikuwa ikitoka New York kwenda Geneva. Marubani walisikia harufu wakadhani ni ya mitambo ya kupoza hewa. Baada ya dakika chache wakaomba kugeuka, wakaelekezwa Halifax. Na tangu harufu ya kwanza hata ndege kupiga maji zilipita kama dakika 21 tu. Bodi ya uchunguzi ya Kanada ilifanya kazi kwa zaidi ya miaka minne, ikaivua baharini karibu ndege nzima kipande kwa kipande, na mwaka 2003 ikatoa taarifa kwamba moto ulianza kwa cheche za waya juu ya dari upande wa mbele, ukashika vitambaa vya kuzuia joto ambavyo havikupasa kuwaka. Miongoni mwa waya zilizokutwa na alama za cheche zilikuwamo za mfumo wa burudani ya abiria, uliofungwa baadaye kwa namna ambayo swichi ya kuzima umeme wa vyumba vya abiria haikuweza kuuzima.

Jambo zito katika taarifa ile ni hukumu yake kwamba, hata kama marubani wangeanza kushuka bila kukawia, moto ulivyokuwa ukienda usingewaacha wafike Halifax salama. Kwa hivyo kosa la kuzuiwa lilikuwa limekwisha tendeka ardhini, mikononi mwa waliochagua vitambaa, waliounganisha waya, na waliotia saini kwamba kazi ni sawa.

Tukio la ndege ya Ethiopia, mwaka 2013

Katika Afrika ya Mashariki mfano ulio bayana zaidi ni wa ndege ya Ethiopian Airlines iliyopewa jina la Malkia wa Sheba, aina ya Boeing 787, yenye usajili ET-AOP. Mwaka 2013 ulianza vibaya kwa ndege za aina hiyo: mwezi Januari betri kubwa za lithiamu ziliungua katika ndege za mashirika mawili ya Japani, moja ikiwa imeegeshwa Boston, na ndege zote za aina ile zikazuiwa kuruka duniani kote. Betri zilipokwisha kuwekewa kinga, shirika la Ethiopia likawa la kwanza kuzirudisha kazini, kwa safari ya Addis Ababa hadi Nairobi, tarehe 27 Aprili.

Tarehe 12 Julai ndege ya Malkia wa Sheba ilifika Heathrow, London, asubuhi, ikaegeshwa bila abiria wala mhudumu ndani yake. Alasiri mfanyakazi wa mnara wa kuongozea ndege aliona moshi ukitoka. Wazimamoto waliingia, wakabomoa bamba la dari upande wa nyuma, wakauzima moto uliokuwa umeunguza ngozi ya juu ya ndege. Hakuna aliyefariki.

Wachunguzi wa Uingereza, katika taarifa yao ya mwaka 2015, walikifuata chanzo hadi katika kisanduku kidogo kinachotoa ishara ya kuitafuta ndege iliyoanguka, ambacho hujitegemea kwa betri yake. Waya mbili za betri hiyo zilikuwa zimepishana na kubanwa chini ya kifuniko, na hapo, kwa dhana iliyo na nguvu kuliko nyingine, zikagusana. Seli moja ikapata joto, ikaiwasha ya pili, hadi zote. Chombo kilichowekwa kwa ajili ya kuokoa maisha ndicho kilichotaka kuiangamiza ndege, na sababu ilikuwa ni namna kifuniko kilivyofungwa kiwandani juu ya waya mbili. Lau moto huo ungezuka juu ya bahari, hadithi ingekuwa nyingine. Ndege ilitengenezwa ikarudi kazini mwezi Desemba mwaka ule ule.

Kanuni zilizofuata

Mamlaka ya anga ya Marekani iliagiza vitambaa vya aina iliyowaka katika ndege ya Swissair viondolewe, na mwaka 2007 ikatoa kanuni zinazozihesabu nyaya kuwa ni mfumo kamili wenye haki ya kukaguliwa kwa zamu yake, badala ya kuzitazama kama nyongeza ya vifaa vingine. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, kuanzia tarehe 1 Aprili 2016, lilikataza betri za lithiamu-ayoni kusafirishwa peke yake kama shehena katika ndege za abiria.

Nchini Tanzania usimamizi uko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, iliyoundwa mwaka 2003, na uchunguzi wa ajali hufanywa na kitengo kilicho chini ya wizara yenye dhamana ya uchukuzi, kwa kanuni ya kimataifa kwamba makusudio yake ni kuzuia ajali nyingine, wala si kumtwisha mtu lawama. Mambo haya hayako mbali na watu wa kusini. Nchi hii imezoea ndege tangu zama za mradi wa karanga ulioipa Nachingwea kiwanja chake, na leo msafiri wa Chiungutwa, awe amepitia Masasi au amepanda Newala, huweza kwenda Mtwara akapanda ndege hadi Dar es Salaam, ambako, tangu mwaka 2018, shirika la taifa lina Boeing 787 zilizo za aina moja na ile ya Malkia wa Sheba.

Wajibu wa abiria

Abiria hawezi kukagua nyaya, lakini ana sehemu yake. Betri za akiba za kuchajia simu hukaa katika mkoba wa mkononi, wala hazitiwi katika mizigo ya chini, kwa sababu zikishika moto mbele ya watu huonekana na kuzimwa. Nazo zisizidi wati-saa 100 bila idhini ya shirika. Anayesikia harufu ya kuungua amwambie mhudumu papo hapo, asione haya wala kungoja mwenzake aseme. Kabla ya kuruka ahesabu safu za viti kati yake na milango miwili iliyo karibu, kwa kuwa katika moshi macho hayatamfaa. Na moshi ukija ainame, afunike pua na mdomo kwa kitambaa kilicholowa, afuate taa za sakafuni. Ndege kubwa za abiria hupewa hati kwa sharti kwamba watu wote waweze kutoka ndani ya sekunde 90 hata nusu ya milango ikiwa haifunguki. Sharti hilo hutimia pale tu kila mmoja anapouacha mzigo wake nyuma na kutoka mikono mitupu.