Kujitegemea

Baadhi ya vijana wa Igogo, Mwanza, wakaao chini ya majabali yanayolitazama ziwa, huuita muziki mpya usiopitia mikononi mwa kampuni kubwa «indi». Nami sioni dharura ya kuazima, maadamu tunalo neno kujitegemea, ambalo tangu Azimio la Arusha la 1967 limechukua maana ya kutenda kwa juhudi na akili ya mtu mwenyewe, pasi na kungoja hisani ya tajiri.

Wala muziki wa namna hiyo si mgeni kwetu. Sunburst, bendi ya Dar es Salaam iliyochanganya roki ya saikedeliki, soul na midundo ya Kiafrika, ilitoa santuri ya Ave Africa nchini Zambia mwaka 1976, kisha ikafifia katika kumbukumbu za wengi, hata kampuni ya Strut ya London ilipoitoa tena mwaka 2016, ikawafikia wasikilizaji waliokuwa hawajazaliwa. Na singeli ya studio ya Sisso, Mburahati, Dar es Salaam, ilitolewa mwaka 2017 na kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala.

Natamani watangazaji wa Mwanza waseme «muziki wa kujitegemea», na wataje pia studio iliyourekodi.