Nani Alishika Pondo?

Ukitoka Dimani ukateremka mpaka kwenye mikoko ya delta ya Rufiji, lazima utasimuliwa habari za manowari. Imeandikwa sana. Mimi nina dukuduku moja tu: nani alishika pondo?

Tuanze na yaliyoandikwa. Königsberg, meli ya vita ya Wajerumani, ilifika Dar es Salaam Juni 1914, na watu wakaiita manowari ya bomba tatu. Septemba 20 mwaka huohuo iliizamisha Pegasus ya Waingereza pale Unguja, kisha ikajificha Rufiji. Waingereza walirandaranda nje miezi kadhaa, njia hawaioni. Januari 1915 wakaiteka Mafia, wakamleta Pretorius, mwindaji aliyeifahamu nchi ile. Akaingia na mtumbwi, pamoja na wenyeji, akipima vina vya maji kwa mti. Julai, meli mbili zisizohitaji kina kirefu, Severn na Mersey, zikapenya. Tarehe 11 Königsberg ilikuwa imechakaa hoi, na Wajerumani wenyewe wakaizamisha. Mizinga yake 10 iliopolewa, ikakokotwa nchi kavu kwa nguvu za watu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, mwingine Pretoria.

Nahodha wake, Looff, tunamjua. Pretorius aliacha kitabu. Wale wa mtumbwini je? "Wenyeji", basi! Hata pori la jirani lilibeba jina la Selous, mgeni aliyeuawa Beho Beho Januari 1917, mpaka sehemu yake kubwa ilipoitwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019.

Unasema hayo ya zamani? Sikiliza. Mjomba wangu ana mtumbwi wa mashine. Siku moja aliletewa mtalii, mzee wa Kizungu aliyelipia safari nzima mjini, kwa dola. Mjomba akapewa elfu thelathini, mafuta juu yake! Mimi nilikuwemo, kazi yangu kukumba maji.

Mjomba alisema, "Tungoje, maji yanakupwa." Kijana aliyemleta mgeni hakutafsiri, ratiba yake ilisema saa mbili asubuhi. Tukaondoka. Saa tatu tumekwama topeni, na tulikaa hapo mpaka mchana. Mgeni alinuna, akidhani mjomba ni mzembe. Mimi na Kiingereza changu cha shule nikamweleza habari ya maji kujaa na kupwa. Akanyamaza. Kisha akauliza jina la mjomba, akaliandika kwenye daftari. Akauliza pia analipwa ngapi. Kijana wa mjini akatazama mikoko.

Na sisi wa mjini tusijitoe, tukidhani mtalii ni Mzungu tu. Tunapanda basi Mbagala, tunashuka Kibiti, na kabla ya shikamoo tumeshampiga picha mama wa watu akipura mpunga. Ofisi ya kijiji tunaipita kama haipo. Halafu tunalalamika wenyeji hawana ukarimu!

Mwaka uliofuata yule mzee alirudi, safari hii bila wakala. Alikuja na wenzake wawili, wakasaini kitabu cha wageni kijijini, wakalala nyumbani kwetu, wakala wali na kambale. Jioni alimwuliza mjomba mwenyewe tuondoke saa ngapi. "Maji yatasema," mjomba akajibu, na safari hii nikatafsiri neno kwa neno.

Asubuhi, tumesimama ukingoni, mzee akasema, "Taja bei yako, nahodha."

Mjomba akanitazama. Miaka yote ile bei ilikuwa ikitajwa na mtu mwingine. Alishika pondo, akalichomeka topeni, akalichomoa. Akahesabu mafuta, akahesabu siku, akamhesabu na mkumba maji. Akataja. Sauti ilikuwa ndogo, ikabidi airudie.

Mzee hakupunguza. Maji yalikuwa yameanza kujaa, tukasukuma mtumbwi.