Makosa ya Mahakama na Uhalali wa Kifungo Ugogoni

Gulwe, kituo cha Reli ya Kati wilayani Mpwapwa, Ugogoni, ilipata utaratibu wa jinai wa Kiingereza kwa njia ya India, kwani amri ya 1920 ya kuitawala Tanganyika ilileta sheria za huko. Kanuni moja ya asili hiyo ingali hai katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985, iliyoiweka awali katika kifungu cha 388: kasoro katika hati ya mashtaka, mwenendo au hukumu haibatilishi uamuzi isipokuwa imesababisha haki kupotea.

Hapo ndipo penye uzito. Mshtakiwa aliyekiri shtaka asilosomewa kwa lugha anayoielewa ametendewa dhuluma, hata kama jalada linaonekana safi. Katika mahakama za mwanzo, zilizotokana na sheria ya 1963, mawakili hawakuruhusiwa kwa miongo mingi, hivyo kasoro nyingi zilitegemea jicho la hakimu wa rufaa.

Mwaka 1966 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliweka mpaka wa busara: kesi husikilizwa upya pale iliyotangulia ilipokuwa batili au yenye kasoro, si kuupa upande wa mashtaka nafasi ya kuziba mapengo ya ushahidi wake. Kifungo kikifutwa bila amri ya kusikiliza kesi upya, mfungwa huachiwa, isipokuwa anashikiliwa kwa sababu nyingine halali.