Kambi Isiyo na Farasi: Mbung'o, Usubi na Mgongo wa Mpagazi kutoka Pwani hadi Ghuba ya Speke

Msafiri anayefika Lamadi akitokea Mwanza hukuta njia imegawanyika. Moja inaendelea kaskazini kuelekea Bunda na Musoma. Nyingine inakata kulia kwenda Bariadi. Nyuma ya maduka ni Ziwa Viktoria, katika Ghuba ya Speke, na mwendo mfupi mbele ni lango la Ndabaka, mlango wa magharibi wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Ng'ombe wapo kila upande, na punda wapo. Farasi hayupo. Mwandishi wa insha hii alikulia sehemu hizi na hakumwona farasi aliye hai hadi alipokwenda masomoni mbali na nyumbani.

Utafiti juu ya jambo ambalo halikuwapo huonekana kama mzaha, na swali hilo nimeulizwa zaidi ya mara moja katika semina: historia gani inaweza kuandikwa kuhusu farasi mahali ambapo farasi hakufika? Jibu langu ni kwamba farasi alijaribu kufika. Aliletwa kwa jahazi na kwa meli, akafungwa hatamu, akalala katika kambi za njiani, akafa. Kila alipokufa, mzigo wake ulihamia kwenye bega la mtu. Kutokuwapo kwake, basi, ni tukio lenye tarehe, sababu na gharama. Ninapinga maelezo ya wasafiri wa karne ya 19 waliodhani kwamba wenyeji wa bara walikosa tu ujuzi wa kumfuga mnyama huyo, na ninapinga pia ukimya wa vitabu vyetu vya shule, ambamo mpagazi hujitokeza barabarani na mzigo kichwani bila mtu kuuliza kwa nini hapakuwa na mnyama wa kuubeba.

Tukio la mapema linalofaa kuanzia si la Tanzania. Mwishoni mwa 1571 jeshi la Wareno chini ya Francisco Barreto lilipiga kambi Sena, kando ya mto Zambezi, likielekea kwenye dhahabu ya Monomotapa. Lilikuwa na farasi. Kambini hapo farasi wakaanza kufa, na askari nao. Sena ilikuwa na wafanyabiashara Waislamu wa pwani, watu wa ulimwengu wa Waswahili, ambao walikuwa wakiishi na kuuza hapo kwa amani. Wareno waliamua kwamba farasi wao wametiliwa sumu, na waliotia sumu ni hao. Wakawakamata na kuwaua, wengine kwa mateso ya kikatili. Francisco Monclaro, padri Mjesuiti aliyekuwamo msafarani, aliyaandika hayo bila kuona haya. Barreto mwenyewe alifia Sena mwaka 1573.

Nimelitanguliza tukio hili kwa sababu linaonyesha ubaya wa kosa la kusoma vibaya kifo cha mnyama. Katika bonde hilo yapo magonjwa mawili yanayoua farasi, na yote mawili huletwa na wadudu. La kwanza ni nagana, linaloenezwa na mbung'o, ambaye wengi nchini humwita ndorobo. Mwaka 1895 David Bruce, daktari wa jeshi la Waingereza, alionyesha huko Zululand kwamba mbung'o hubeba vimelea katika damu ya mnyama mmoja na kuvitia katika damu ya mwingine. La pili ni ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na usubi. Jambo hilo la usubi lilithibitishwa Afrika Kusini katika miaka ya 1940. Mnyama aliyeshikwa na ugonjwa huo wa pili katika sura yake kali hujaa maji mapafuni, hutoka povu puani, na anaweza kufa siku ileile aliyoonekana mzima asubuhi. Mtu asiyeujua na anayemwogopa jirani yake ataona sumu.

Hapa ndipo kambi inapoingia katika hoja, maana wadudu hawa wawili wamegawana saa. Mbung'o huuma mchana. Watu wa bara walilijua hilo pasipo darubini: wenye ng'ombe walivuka pori la mbung'o usiku, na walipolala waliwasha moto wa kinyesi na majani mabichi ili moshi uwafunike wanyama. Kwa ng'ombe mbinu hiyo ilifaa. Kwa farasi ilikuwa kumtoa katika kinywa kimoja na kumtia katika kingine, kwa kuwa usubi huamka jua linapotua na huuma hadi alfajiri. Farasi hakuwa na saa ya kusafiri, wala hakuwa na saa ya kulala. Boma la miiba lililozuia fisi na simba halikuzuia kitu kidogo kuliko chembe ya mtama.

Katika njia ya kati, kutoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, ushahidi ni mwingi. Burton na Speke walipoondoka pwani mwaka 1857 walikuwa na punda wapatao 30, na wengi wao hawakufika Kaze. Livingstone alishuka Mikindani mwaka 1866 akiwa na ngamia, nyati wa kufugwa kutoka India, baghala na punda, kwa nia ya kujaribu ni mnyama gani atastahimili mbung'o wa Ruvuma. Safari yake ikaishia kuwa ya miguu. (Nasema baghala kwa makusudi. Kamusi huruhusu pia neno nyumbu, lakini msomaji wa Lamadi akisikia nyumbu anamwona yule wa Serengeti, naye hajapata kubeba mzigo wa mtu.)

Kisa kinachonivutia zaidi ni cha Kingaru, mwaka 1871. Henry Morton Stanley, akimtafuta Livingstone, alitoka Bagamoyo na farasi wawili, mmoja wao akiwa zawadi ya Sultani Barghash. Huyo alikufa kambini Kingaru. Stanley alimpasua tumbo akakuta minyoo, kisha akaamuru azikwe karibu na kambi. Mkuu wa kijiji akaja kudai doti mbili za merikani kwa kuwa mnyama amezikwa katika ardhi yake bila idhini. Stanley alijibu kwa kuwaambia askari wake wamfukue farasi na kumwacha juu ya ardhi kama alivyokuwa. Mkuu akaona afadhali mzoga ubaki chini. Muda mfupi baadaye farasi wa pili naye akafa.

Stanley anakisimulia kisa hiki kama kichekesho, na waandishi waliomfuata wamekirudia hivyo. Mimi nakisoma kama kesi ya ardhi. Kambi za njia ya misafara hazikuwa uwanja mtupu. Zilikuwa na wenyewe, waliotoza hongo, waliouza nafaka na maji, na waliojua kwamba mzoga mkubwa uliofukiwa karibu na maji ni tatizo litakalobaki baada ya msafara kuondoka. Mkuu wa Kingaru alidai malipo ya matumizi ya mahali. Kwamba alishindwa kwa mzaha wa mtu mwenye bunduki hakuondoi haki ya dai lake.

Miaka minne baadaye Stanley huyohuyo alifika katika ghuba yetu, safari hii bila kumtegemea farasi. Aliondoka Bagamoyo Novemba 1874 na watu zaidi ya 300, akipitia Ugogo na Usukuma, na Februari 27, 1875 akafika Kagehyi, mashariki ya Mwanza. Pamoja na vitambaa, shanga na shaba, watu hao walikuwa wamebeba mashua. Lady Alice ilikatwa vipande na kuchukuliwa mabegani kutoka Bahari ya Hindi hadi Ghuba ya Speke. Mwezi Machi iliunganishwa, ikaelea, ikafuata mwambao kwenda mashariki, ikapita mlango wa mto Simiyu, kisha ikaendelea kandokando ya pwani hii ambayo sasa ina Lamadi. Katika vitabu vya jiografia safari hiyo ni ya kulizunguka ziwa. Kwa upande wa historia ya kazi ni jambo jingine: mashua nzima ilisafiri zaidi ya kilomita elfu moja juu ya miili ya watu, wengi wao Waungwana wa Unguja na Wanyamwezi, na njiani wengi walikufa au walitoroka. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kiasi cha kilo 30, nje ya chakula chake, sufuria na mkeka. Stephen Rockel (2006) ameonyesha vema kwamba hao walikuwa wafanyakazi wa kulipwa wenye heshima ya kazi yao, wenye kirangozi wao na taratibu zao za kambi, na nakubaliana naye. Hata hivyo heshima ya kazi haifuti swali la kwa nini kazi hiyo ilimwangukia binadamu.

Tukitaka kuona kambi ambamo mambo yalikuwa kinyume, lazima tupande juu au tuende kwenye baridi. Katika nyanda za juu za Ethiopia farasi na baghala wamekuwa sehemu ya vita, ibada na safari kwa karne nyingi. Basotho, katika milima yao kusini, walimpata farasi katika karne ya 19 wakawa taifa la wapanda farasi katika muda wa kizazi kimoja au viwili. Mfano wa Basotho peke yake unatosha kuzika hoja ya ukosefu wa ujuzi. Na siku hizi safari za watalii wa kupiga kambi na farasi zipo upande wa magharibi wa Kilimanjaro na katika Milima ya Chyulu huko Kenya, ambako farasi huchanjwa na kutunzwa kwa dawa.

Lipo pia andiko la Kiswahili ambalo wanahistoria wa safari wamelipuuza. Mwaka 1896 Salim bin Abakari, mtu wa asili ya Ngazija na mtumishi wa Mjerumani Theodor Bumiller, alisafiri na bwana wake kupitia Urusi hadi Siberia na milima ya Altai. Masimulizi yake yalichapishwa na Carl Velten mwaka 1901 katika mkusanyo wa Safari za Wasuaheli. Altai ni nchi ya misitu minene ya milimani, na mizigo yake hubebwa na farasi hadi leo. Wataalamu wamelisoma andiko hilo hasa kwa ajili ya namna Mwafrika alivyowatazama watu wa Ulaya na Asia. Ningependa lisomwe pia kama ushahidi wa kambi. Msimuliaji alitoka katika lugha ambayo neno msafara lilimaanisha mstari wa watu wenye mizigo vichwani, akaingia katika nchi ambayo mtu hupanda na mnyama hubeba. Katika mkusanyo huohuo wa Velten zimo safari za bara la Afrika. Msomaji anaweza kufungua kurasa za safari hizo, kisha za Altai, akapima mwenyewe nani alikuwa akitembea.

Serikali za kikoloni hazikujifunza upesi. Aprili 1916 wapanda farasi wa Afrika Kusini chini ya van Deventer waliondoka Arusha, nchi ya juu yenye baridi, wakateremka na kuiteka Kondoa Irangi tarehe 19. Mvua kubwa ilikuwa imeanza. Farasi walikufa mamia kwa mamia njiani na baada ya kufika, na kikosi kilichotumwa kwa ajili ya mwendo wa kasi kikakwama. Vita viliendelea kwa mabega ya watu: wapagazi waliochukuliwa kwa nguvu kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo, kwa pande zote mbili. Waliokufa ni makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, homa na njaa.

Usukuma nao ulikuwa umebadilika. Helge Kjekshus (1977) na kabla yake John Ford (1971) wameeleza jinsi sotoka ya miaka ya 1890 ilivyoua ng'ombe, watu wakahama au kufa njaa, na vichaka vikarudi katika ardhi iliyokuwa malisho. Vichaka vilirudi na mbung'o. Mwaka 1922 malale yalizuka mashariki ya Mwanza, upande wa Maswa. Charles Swynnerton, ambaye jina lake limebaki kwa aina ya mbung'o iliyoenea katika ukanda wa Serengeti, aliongoza utafiti Shinyanga. Wasukuma waliitwa kwa maelfu na watemi wao kufyeka vichaka. Naona Kjekshus anaipamba mno hali ya kabla ya ukoloni, kana kwamba mbung'o alikuwa ametiishwa kabisa. Punda waliokufa mwaka 1857, miongo mitatu kabla ya sotoka, ni mashahidi dhidi yake.

Kwa Lamadi kuna jambo la ziada ambalo kufyeka hakungeliondoa. Punda milia huambukizwa virusi vya ugonjwa wa farasi bila kuonekana mgonjwa, na usubi akimnyonya huenda navyo. Punda wa kufugwa naye huustahimili vizuri kuliko farasi. Wakati wa kiangazi, asubuhi, mtu akiwa juu ya basi la Musoma huweza kuwaona punda milia wakila nyasi karibu na Ndabaka, na upande wa pili wa barabara punda wa kijijini akirudi kutoka ziwani na madumu manne ya maji mgongoni.