Shati la miraba: Namna ya kuchagua linalofaa joto la Voi

Shati la miraba ni shati la kitambaa chenye mistari ya rangi inayokatana. Mtindo huu ulipata sifa Uskoti, nchi ya baridi, ambako kitambaa chake kilifumwa kwa sufu.

Kwa mkazi wa Mwanda, katika Milima ya Taita, shati zito la aina hiyo ni kinga dhidi ya ukungu wa asubuhi. Lakini akiteremka hadi Voi, hasa Februari na Machi, shati lilo hilo humtesa.

Miraba yenyewe haina lawama; kinachoamua ni uzi na ufumaji. Pamba nyepesi hunyonya jasho na kuliacha likauke, ilhali poliesta hulizuia mwilini. Flaneli, yaani kitambaa kilichokwanguliwa kikawa na manyoya laini, huhifadhi joto. Miraba ya pamba iliyo mashuhuri kwa wepesi ni ile ya Madras, mji wa India unaoitwa Chennai tangu mwaka 1996.

Katika mitumba, ambako lebo aghalabu imekatwa, mnunuzi ana njia tatu za kujihakikishia kabla ya kutoa fedha zake:

Kwanza, aliinue shati kwenye mwanga. Mwanga ukipenya, hewa nayo itapita.

Pili, apapase upande wa ndani. Manyoya ni dalili ya flaneli.

Tatu, alifumbate kwa nguvu kisha aliachilie. Pamba hubaki na mikunjo, poliesta hujinyoosha.

Hatimaye, achague linalopwaya kidogo, ili hewa izunguke kati ya nguo na ngozi.