NAKALA NI SHAHIDI WAKO



Leo tunasoma habari za nakala. Nakala ni andiko la pili lililo sawa na la kwanza. Ukipotewa na la kwanza, la pili lasema badala yake.

Tuanze na pamba. Mkoa wa Simiyu, ambao makao yake ni Bariadi, uliundwa mwaka 2012. Lakini zamani, wakati wa ukoloni, nchi hii ilikuwa katika Jimbo la Ziwa. Mkulima alipeleka pamba kwa mnunuzi. Mizani ilikuwa ya mnunuzi, na daftari lilikuwa la mnunuzi. Wakulima walilalamika kwamba wanapunjwa, lakini wangethibitishaje? Hesabu ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa mikononi mwa mwingine.

Basi, mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima waliweka wapimaji wao wenyewe. Paul Bomani alikuwa miongoni mwa viongozi wao. Mwaka 1955 vyama vyao viliungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, makao yake Mwanza. Walichodai kwanza kilikuwa kidogo: hesabu ya pili, iliyo mikononi mwao.

Sasa tutazame simu. Simu za mkononi zilianza kutumika Tanzania mwaka 1994. Katika simu za zamani zenye laini, majina yaliweza kuwekwa ndani ya laini. Ukihamisha laini, majina yalihama nayo. Simu janja ya leo si hivyo. Picha, ujumbe na hati hukaa zaidi ndani ya simu yenyewe. Simu ikiibiwa au ikitumbukia mtoni, vyaweza kupotea vyote.

Je, na fedha? M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008. Fedha hizo hazikai ndani ya simu. Zimeandikwa katika hesabu za kampuni. Ukirudisha laini yako kwa kitambulisho na alama za vidole, utazikuta. Lakini picha ya stakabadhi yako ya pamba hakuna wa kukurudishia, ila kama uliweka nakala.

Yafaa, basi, kunakili mapema: katika kadi ya kumbukumbu, katika kompyuta, au katika akaunti yako kwa njia ya intaneti. Ukinunua simu mpya, hamisha kwanza, kisha futa ya zamani kabla ya kuiuza.

Angalia jambo moja zaidi. Nakala mikononi mwako ni shahidi wako. Mikononi mwa mwingine, bila ridhaa yako, ni kama lile daftari la mnunuzi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inasema kuingia kwa makusudi na bila haki katika mfumo wa kompyuta ni kosa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kwa hiyo mume asinakili simu ya mkewe kwa siri, wala mke ya mumewe, wala tajiri ya mfanyakazi wake. Anayetaka kuangalia simu ya mtu mzima na aombe kwanza, aeleze ataona nini na kwa muda gani. Naye anayeombwa ana haki ya kukataa.

Maswali ya kujadiliana darasani:
1. Kwa nini wakulima walitaka wapimaji wao wenyewe?
2. Simu yako ikipotea leo, utapoteza nini?
3. Ridhaa ni nini?